Saba Iliyosahauliwa Juu

Fundi wa mawe alikataa kuchonga.

Alikuwa ameshalisugua jiwe la mama mpaka likang'aa. Jina lilikuwa limekaa, tarehe mbili zimekaa, na chini yake palibaki nafasi laini ya upana wa viganja viwili. Nilimpa karatasi aliyoniandikia baba. Akaisoma kichwa ameinamisha, vumbi jeupe limemtanda kwenye nyusi hadi akaonekana mzee, ingawa hajafika hata miaka thelathini na mitano.

Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu:

10105807
HAIGAWANYIKI

"Hii siichongi," akasema.

"Kuna shida gani, Fundi?" Sauti yangu ni ndogo hata ninapokasirika, na hapo nilikuwa bado sijakasirika.

"Shida hakuna, dada. Ila karatasi siiamini. Niletee daftari lenyewe, lile wazazi wako walilogawia namba hii. Na kabla hujalileta ulipitie wewe mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa."

"Ni tarakimu nane tu. Baba anaijua namba hiyo kuliko anavyoujua umri wake."

"Najua anaijua. Kanifundisha miaka minne, dawati la mbele kabisa, kwa sababu ya utundu." Alikuwa akijigongagonga patasi kiganjani, macho yake yapo kwenye jiwe wala si kwangu. "Karatasi ukikosea unafuta. Jiwe ukilikosea, marehemu ndiye anayelala na kosa. Daftari, dada. Sifungi mpaka jioni."

Kesho yake saa nne asubuhi jiwe lilitakiwa kusimikwa. Mwaka ulikuwa unatimia tangu mama atutoke, na ndugu walikuwa wameshaalikwa. Nilirudi nyumbani nikinung'unika moyoni, maana kunung'unika kwa mdomo sijui.

Baba yangu, mji mzima unamwita Mwalimu Baki. Alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuuliza "jibu ni ngapi?" Aliuliza "baki ni ngapi?" Mpaka leo mtu mzima mwenye kitambi chake akikutana naye sokoni humwamkia, "Shikamoo Mwalimu, baki ngapi?" Naye hujibu, "Marahaba. Baki ni wewe uliyerudia darasa."

Nilimkuta akijiandaa kwenda kwa kinyozi. Nilipomweleza habari za fundi, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyo? Huyo huyo? Alikuwa hafanyi kazi ya ziada hata umlilie, leo ndiye anayenisahihisha mimi!" Niliona amefurahi. "Madaftari yamo kwenye droo ya cherehani. Usiyachanganye tu, yana mpangilio."

Akatoka, kofia mkononi.

Namba yenyewe ilitoka kwenye cherehani hiyohiyo. Mama alikuwa fundi wa nguo, na ubavuni mwa mashine yake kuna bamba dogo la chuma lililogongwa tarakimu nane: 10105807. Baba akiwa kijana alipeleka suruali iliyochanika, akakaa kwenye benchi kusubiri, macho yakatua pale. Akaanza kuigawa kichwani. Inaishia na saba, kwa hiyo mbili haiingii, wala tano. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata ishirini na mbili, kwa hiyo tatu haiingii. Saba inaacha baki tano. Kumi na moja inaacha nane. Alipofika kumi na tatu suruali ilikuwa tayari. Wiki iliyofuata akarudi na suruali ileile.

"Kaka," mama alimwambia, akiigeuzageuza, "suruali hii siku hizi inachanikia kwenye mkasi?"

Hivyo ndivyo walivyooana.

Namba isiyogawanyika kwa chochote ila moja na yenyewe, vitabu vinaiita namba tasa. Mama hakulitaka neno hilo nyumbani. Walikaa karibu miaka minne bila mtoto, na mawifi walikuwa wameshamsikilizisha neno hilo vya kutosha. "Mpe jina lingine," alimwambia baba. Wakamwita Mseja.

Kumthibitisha Mseja kuwa ni mseja kweli hakuhitaji kumjaribu kwa kila namba duniani. Unamjaribu kwa namba tasa peke yake, na unakoma pale ambapo namba ikijizidisha yenyewe inampita. Kwa Mseja mwisho ni 3169, na zote kwa jumla ni mia nne arobaini na tisa. Mama aliziita posa. Posa mia nne arobaini na tisa, na zote zirudishwe!

Waligawana kazi. Baba alichukua zinazoishia na moja au tatu, mama zinazoishia na saba au tisa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kila mmoja posa moja, kwa mkono, bila haraka. Na walikuwa na sheria: anayegawa hajisahihishi. Mwenzake huchukua kalamu nyekundu, anazidisha jibu kwa kigawanyo, anaongeza baki, na lazima arudi kwa Mseja. Akirudi, anaweka tiki, na baki inaingizwa kwenye daftari kubwa.

Hayo yote niliyajua toka utotoni kama watoto wengine wanavyojua walikozaliwa bibi zao. Lakini madaftari sikuwahi kuyafungua. Namba ni mambo ya baba. Mimi nilisomea ukutubi chuoni, nafanya kazi maktaba. Na kumhakiki Mseja kwa simu halikuwahi kunijia akilini, kama isivyonijia kwenda kuuliza kama cheti cha ndoa ya wazazi wangu ni cha kweli.

Niliyatoa yote sita, nikayapanga mezani. Nilianza ukurasa wa kwanza kama nilivyoagizwa. Baada ya kurasa kumi nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Nikatafuta siku niliyozaliwa.

Ilikuwa Jumamosi. Nilijua hilo, lakini sikujua kwamba nitaikuta.

Ukurasa wa kabla yake ulikuwa wa mama: 2677, jibu 3775, baki 132, tiki ya baba. Ukurasa wa baada yake pia wa mama: 2689, jibu 3758, baki 545, tiki ya baba, na tarehe yake ni wiki saba mbele. Katikati ndipo nilipokuwa mimi. Kigawanyo 2687. Mwandiko wa mama ulianza umesimama wima kama kawaida yake, kisha ukaanza kuinama, hata chini ukawa umelala kabisa. Jibu, 376. Mwisho wa ngazi ya hesabu, 268. Pembeni tiki nyekundu, kubwa, imepinda, na chini ya tiki, kwa wino uleule mwekundu, baba alikuwa ameandika:

*Msichana. Kilo tatu na robo. Wote wazima.*

Nililia kidogo. Sioni aibu kusema. Sikuwahi kujua kwamba mahali pa kwanza nilipoandikwa duniani ni chini ya hesabu ya kugawanya.

Nikafuta macho, nikautazama tena ukurasa kwa kuupenda tu, na kitu kikanichoma.

Kazi yangu, kutwa nzima, ni kupanga vitabu kwa namba zilizobandikwa migongoni. Jicho limezoea kuona tarakimu iliyobanduka kabla mimi mwenyewe sijajua ninaona nini. 3775. 3758. Na katikati yao, 376.

Tarakimu tatu.

Nikachukua simu. Nikazidisha 376 kwa 2687, nikaongeza 268, kama sheria yao inavyosema. Ikaja 1010580. Nikadhani nimekosea kubonyeza. Nikarudia. 1010580. Nikarudia mara ya tatu, polepole, kwa kidole kimoja, nikitamka kila tarakimu kama mtoto. 1010580.

Alikuwa Mseja, ila amekatwa mkia. Saba yake ya mwisho haikuwepo.

Nikatazama juu ya hesabu. Ile saba ilikuwa pale, mwisho wa mstari. Mama alikuwa ameshusha nane, ameshusha sifuri, na saba hakuishusha. Imebaki juu peke yake miaka ishirini na sita.

Niliichukua penseli, nikaandika 268 kwenye kipande cha karatasi, nikaiweka saba mbele yake.

2687.

Elfu mbili mia sita themanini na saba, ndani ya elfu mbili mia sita themanini na saba. Inaingia mara moja. Baki hakuna.

Nikasimama, nikakaa. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba, nikasahau nilichofuata, nikarudi na maji yakiendelea kumwagika. Simu ilikuwa bado mezani. Nikaandika 2687 mara 3761, nikafumba macho kabla ya kubonyeza, kana kwamba kufumba macho kungesaidia. Nilipofumbua, zilikuwa tarakimu nane za bamba la cherehani, moja baada ya nyingine, hakuna iliyokosekana.

Mseja hakuwa mseja.

Sijui nilikaa muda gani. Niliwaza kila siku ya kwanza ya mwaka wa shule, baba akimwandika Mseja ubaoni kutoka kona hadi kona na kuwaambia watoto, "Huyu hana mwenzi. Tumempeleleza." Niliwaza siku ya mazishi, alipotakiwa aseme neno, akasimama, akasema, "Haigawanyiki," akakaa. Watu walidhani anaongelea ndoa yake. Na kweli alikuwa anaongelea ndoa yake.

Nikawaza pia jambo ambalo naona aibu kulisema. Niliwaza kulirudisha daftari kwenye droo, nikamwambie fundi, nimepitia, ni sawa, chonga. Nani angejua? Baba angeenda kila Jumapili kulisoma jiwe lake akifurahi mpaka mwisho. Na kosa lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo tatu na robo. Lilikuwa mimi.

Nilikuwa bado nimeshika ukingo wa daftari aliporudi, kichwa kinang'aa, ananukia spiriti ya kinyozi.

"Bomba linamwagika, mama," akasema, akapita kulifunga. Aliniita mama siku zote anapokuwa na furaha. "Haya, umeyapitia?"

"Nimeyapitia."

"Yote?"

"Nimeishia..." Nikaweka kidole kwenye ukurasa. "Baba, elfu mbili mia sita themanini na saba, baki ni ngapi?"

"Mia mbili sitini na nane," alijibu hata kabla sijamaliza, akitabasamu. "Hiyo ni siku yako. Umeuona ukurasa, eh? Nilijua utaukimbilia."

"Naomba uigawe."

"Sasa hivi?"

"Tafadhali, Baba."

Alinitazama kwa mshangao, lakini Mwalimu Baki hawezi kukataa kugawa. Akavuta bahasha tupu, akaweka miwani. Alikuwa anagawa kwa kuimba hatua, kama alivyofundisha. "Kumi elfu mia moja na tano... inaingia mara tatu, elfu nane sitini na moja, inabaki elfu mbili arobaini na nne. Shusha nane. Mara saba. Inabaki elfu moja mia sita thelathini na tisa. Shusha sifuri. Mara sita. Inabaki mia mbili sitini na nane. Umeona? Mia mbili sitini na nane. Shusha sa—"

Mkono ulikuwa umeshashuka wenyewe. Miaka thelathini na moja ya ubaoni iliushusha. Saba ikakaa mbele ya nane, na kalamu ikabaki imegusa karatasi, wino ukawa unatanuka doa.

"Hapana," akasema.

Akaigeuza bahasha, akaanza upya, bila kuimba. Nilisikia kalamu tu. Akafika mwisho.

"Hapana," akasema tena, kwa sauti ambayo sikuijua.

Alirudi nyuma hadi kwenye kiti cha cherehani, akakaa. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa chenye maji. Niliogopa. Nikamshika bega, hakuonekana kuhisi.

"Lete daftari."

Nikampa. Alilitazama muda mrefu.

"Tiki hii ni yangu?"

"Ni yako, Baba."

"Sikuzidisha." Akavua miwani. "Nilikuja mara moja kuchukua nguo zako ndogo. Daftari lilikuwa wazi hapa, pale alipoliacha. Nikaona mia mbili sitini na nane, nikaona ni ndogo kuliko kigawanyo, nikajua amemaliza. Nilikuwa natetemeka, mwanangu. Nikaweka tiki. Mimi! Mimi ninayewasimamisha watoto wa watu kwenye kiti kwa kutozidisha!"

"Baba..."

"Wangapi? Darasa baada ya darasa! Nimewafundisha uongo na chaki mkononi."

Nikashindwa kujizuia. "Si kosa lako. Ni mimi niliyemkatiza."

Akageuka taratibu. Mshtuko wa mwanzo ulikuwa wa namba. Huu ulikuwa mwingine.

"Wewe?"

"Ningechelewa dakika moja angeishusha."

"Ngoja. Ngoja kwanza." Alipangusa uso kwa kiganja. "Alikuwa anaimba hatua kama mimi. Akasema, 'Mara sita.' Akaandika. Halafu akasema, 'Mwalimu, ngoja kidogo.' Mama yako! Mtu ambaye hajawahi kumwambia mtu ngoja kidogo! Nikatupa kalamu, nikajua ni wewe." Akaweka kidole kwenye ile saba. "Angeishusha, tungejua palepale. Tungefunga madaftari siku hiyohiyo. Zilikuwa zimebaki posa hamsini na tisa. Tulizigawa wewe ukiwa kwenye kapu, hapa chini, mguu wake mmoja unakubembeleza. Zile Jumamosi..."

Baadaye akatafuta kitu kwenye droo, akatoa kalamu ya bluu.

"Mama yako hakuwahi kumpa mteja nguo yenye uzi unaoning'inia," akasema. "Hii si ya kuachwa hivi. Malizia."

"Mimi? Kwenye ukurasa wake?"

"Shusha saba."

Niliandika. Mwandiko wangu ukalala kama wa kwake. Nikashusha saba, nikaweka moja mwisho wa jibu: 3761. Nikaandika 2687 chini ya 2687, nikachora mstari.

"Baki ngapi?" akauliza, kwa mazoea.

"Hakuna, Baba."

Akalifunga daftari, akalitia kwapani.

Tulikwenda pamoja kwa fundi, jua likiwa limeanza kupoa. Alipotuona wawili, na daftari kwapani mwa baba, aliweka nyundo chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

Baba hakuitika. "Ulijua."

Fundi akatazama viatu vyake vyeupe kwa vumbi.

"Tangu lini?"

"Tangu niliponunua simu yangu ya kwanza yenye mtandao. Kuna mahali unaandika namba, inakutajia vigawanyo vyake. Nilitaka kuipima kama ina akili. Nikaipa Mseja."

"Ikasema?"

"Ikasema kabla sijatoa kidole. Nikaona simu mbovu hii, nikairudisha dukani."

"Na ya pili?"

"Ya pili nayo ikasema vilevile, Mwalimu."

Mdomo wa baba ulijikunja upande mmoja. Sikujua kama ni kicheko au ni kile kingine. "Miaka yote hiyo, na hukuniambia."

"Ningeanzia wapi? Shikamoo, halafu?" Alipangusa nyusi, vumbi likamwagika. "Nilijiambia, haimdhuru mtu, acha iwe. Lakini juu ya jiwe la mama, kwa patasi yangu... nilishindwa. Na kukuambia pia nilishindwa. Ndiyo nikamtwisha dada. Nisamehe, dada."

Nilikuwa bado sijazoea kwamba Mseja ana watu wawili ndani yake, na huyu hapa alikuwa anawajua kwa miaka mingi, akitupita barabarani na kutusalimu.

Baba alilisogelea jiwe, akapitisha kiganja kwenye ile nafasi laini. Alikaa hivyo mpaka fundi akaanza kuhama mguu huu kwenda ule.

"Aliyemaliza hesabu ni huyu," baba akasema, bila kugeuka. "Muulize yeye tuandike nini."

Wote wawili wakanitazama. Mimi huwa naandika vikaratasi hata kuagiza mkate. Nilisema, na nikalazimika kusema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikusikika:

"Mseja mwenyewe. Halafu alama ya ni sawa na. Halafu wale wawili, na alama ya kuzidisha katikati yao."

"Bila neno lolote?" fundi akauliza.

Nikamtazama baba. Akaitikia kwa kichwa.

"Bila neno," nikasema.

Fundi akachukua chaki, akapiga magoti mbele ya jiwe. Baba akamshika bega.

"Zidisha kwanza."

"Mwalimu, simu imeshazidi—"

"Kwa mkono."

Fundi akahamia kando, akapiga magoti mbele ya kipande cha jiwe kilichokatika, mtu mzima na ulimi umetoka nje kidogo, akaanza kuzidisha 3761 kwa 2687. Kwenye mstari wa pili alibeba nne akazisahau. Baba akakohoa. Fundi akafuta kwa kiwiko, akarudia. Ilimchukua muda mrefu, vumbi likitulia polepole juu yetu sote, na mimi nikawa nimelikumbatia kifuani daftari alilonipa baba.

Alipojumlisha yote, kuanzia saba ya kulia hadi moja ya kushoto, alikaa kando.

Baba akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Akainama, akafuata kila mstari kwa ncha yake, midomo ikicheza bila sauti, hadi mwisho. Ndipo akaweka tiki. Ilikuwa ndogo, na imenyooka.

"Haya," akamwambia. "Chonga."